Bandeji zenye madini ya fedha: tununue kwa ushahidi gani?

sista_chumba_cha_vidonda (Tanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam, na poleni kwa majukumu.

Nafanya kazi katika chumba cha kufungia vidonda cha hospitali ambayo sitaitaja. Hivi karibuni mwakilishi wa kampuni moja ya vifaa tiba alitutembelea akiwa na bandeji zenye madini ya fedha. Alijieleza vizuri, akatuachia sampuli, na kabla ya kuondoka akasema kwamba kampuni yake ingeweza kugharamia nauli na posho za wauguzi wawili kuhudhuria semina ya vidonda Dar es Salaam. Kamati yetu ya Dawa na Tiba inakaa mwisho wa mwezi kuamua kama bandeji hizo ziingizwe kwenye maoteo ya mwaka ujao, na mganga mfawidhi ameniagiza nitoe maoni kwa maandishi.

Kijitabu alichotuachia nimekisoma zaidi ya mara moja. Ukurasa wa pili una mchoro wa nguzo mbili, ya bluu na ya kijivu, na ya bluu imeipita ya kijivu kwa mbali sana, lakini ukitazama namba zilizo pembeni unaona kwamba kipimo hakikuanzia kwenye sifuri, kwa hiyo tofauti ndogo imevutwa ikaonekana kubwa. Kinachopimwa ni "kupungua kwa eneo la kidonda baada ya wiki nne". Hakuna mahali panaposema ni wagonjwa wangapi walipona kabisa. Chini ya ukurasa, kwa herufi ambazo nilizisoma kwa msaada wa miwani, pameandikwa kwamba utafiti ulifadhiliwa na mtengenezaji.

Bandeji moja inauzwa ghali kuliko gozi, maji ya chumvi na plasta tunazotumia kwa mgonjwa mmoja kwa wiki nzima, na wagonjwa wetu wengi hujilipia wenyewe. Wengi wao wana kisukari, wengine wameumia kwenye ajali za bodaboda, wapo walioungua moto, na wachache wana sikoseli. Je, ushahidi usiotoka kwa wauzaji unasemaje kuhusu bandeji hizi? Na je, ni haki kumnyima mgonjwa kitu anachokiomba mwenyewe kwa sababu amesikia kwamba kinaponya haraka?

mfamasia_thika

Sista, mambo mawili ya kuchunguza kwenye kijitabu cha namna hiyo umekwisha kuyaona: nani amelipa, na kitu gani kimepimwa. Lililobaki ni kutazama bandeji hiyo imelinganishwa na nini.

Jaribio huru linalofahamika zaidi kuhusu bandeji za fedha ni lile liitwalo VULCAN, lililofanyika Uingereza kwa fedha za serikali na kuchapishwa mwaka 2009. Wagonjwa 213 wenye vidonda vya mguu vinavyotokana na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) mbovu waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilifungwa bandeji zenye fedha, jingine bandeji za kawaida zisizogandamana na kidonda, na wote wakafungwa bandeji za kubana juu yake. Baada ya wiki 12 waliopona kabisa walikuwa asilimia 59.6 katika kundi la fedha na asilimia 56.7 katika kundi la kawaida. Kitakwimu tofauti hiyo haithibitishi lolote, ilhali gharama za kundi la fedha zilikuwa juu zaidi.

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa asali ya manuka, ambayo nayo huuzwa ikiwa tayari ndani ya bandeji. Jaribio la New Zealand la mwaka 2008 lilikuwa na wagonjwa 368. Waliopona katika wiki 12 walikuwa asilimia 55.6 kwa asali na asilimia 49.7 kwa huduma ya kawaida, tofauti ambayo nayo inaweza kuwa imetokea kwa bahati tu, na waliotumia asali walipata madhara mengi zaidi, hasa maumivu. Mwaka 2018 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 78 ya bandeji za kila aina kwa vidonda vya vena, yenye washiriki zaidi ya 7,000, na waandishi wake wakahitimisha kwamba ushahidi wote huo ni dhaifu mno kuweza kusema kwa uhakika bandeji ipi inaishinda nyingine.

Kuhusu kipimo cha wiki nne, waeleze wajumbe wa kamati yako kwamba kidonda kinaweza kupungua kwa nusu katika mwezi wa kwanza kisha kikabaki hapo hapo mwaka mzima. Jambo jingine ni ukubwa wa mwanzo. Katika jaribio dogo, ikitokea kwamba kundi moja lilianza na vidonda vidogo na vipya, kundi hilo litaonekana limefanya vizuri hata kama wote wangefungwa kitambaa kile kile, kwa kuwa kidonda kidogo na kipya hupona upesi kuliko kikubwa cha miaka. Mgonjwa anachotaka kujua ni lini ataacha kuja kufungwa, na hilo hupimwa kwa kidonda kufunga kabisa na kubaki kimefunga.

Utajiuliza kwa nini ushahidi ni hafifu hivi kwa bidhaa zinazouzwa duniani kote. Chanzo kikubwa ni sheria. Dawa mpya haiingii sokoni bila majaribio ya kuonyesha kwamba inatibu, lakini bandeji huhesabiwa kuwa kifaa tiba, na kwa Marekani nyingi hupata kibali kwa njia iitwayo 510(k), ambayo humtaka mtengenezaji aonyeshe tu kwamba bidhaa yake inafanana vya kutosha na nyingine iliyokwisha kuwa sokoni. Kampuni ikishapata kibali na wateja, jaribio kubwa lina faida gani kwake? Likionyesha mafanikio, mauzo yataongezeka kidogo. Likionyesha kwamba bidhaa haina tofauti na gozi, soko limekufa. Ningekuwa mhasibu wao nami ningeshauri fedha hizo ziende kwenye semina.

muuzaji_vifaa_arusha

Ninaomba nami nisikilizwe, kwa kuwa ninaishi kwa kazi ya kuuza vifaa tiba, ingawa kwa maelezo ya Sista sidhani kwamba anayezungumziwa ni kampuni yetu.

Kwanza, VULCAN ina kasoro ambazo Mfamasia hakuzitaja. Bandeji za fedha zimetengenezwa kwa ajili ya kidonda chenye dalili za maambukizi, zitumike kwa muda mfupi kisha ziachwe. Katika jaribio lile walipewa wagonjwa ambao hawakuchaguliwa kwa kuwa na maambukizi. Pili, si kila utafiti uliolipiwa na kampuni ni wa kutupwa. Jaribio la EXPLORER, lililochapishwa mwaka 2018 na kulipiwa na kampuni ya Urgo ya Ufaransa, lilihusisha wagonjwa 240 wenye vidonda vya kisukari katika nchi tano za Ulaya, na hata waliofunga vidonda hawakujua nani anapata bandeji yenye kemikali ya sukrosi oktasalfeti na nani anapata ile isiyo nayo. Baada ya wiki 20 vidonda vilivyofunga vilikuwa asilimia 48 dhidi ya 30. Tatu, tangu mtafiti George Winter alipoonyesha mwaka 1962, kwa majaribio ya nguruwe, kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi mpya upesi kuliko kinachoachwa kikauke, ni nani aliyeyafikisha maarifa hayo wodini kama si kampuni? Serikali ngapi huku kwetu zimewahi kuwaandalia wauguzi mafunzo ya vidonda kwa fedha zake?

mwana_kisauni (Uingereza)

Kaka, EXPLORER ninaikubali, na miongozo ya mwaka 2023 ya IWGDF, kikundi cha kimataifa cha wataalamu wa mguu wa kisukari, inaikubali pia: inaruhusu bandeji ile ifikiriwe kwa kidonda kisicho na maambukizi, kwenye mguu uliopoteza hisia na usiopata damu ya kutosha kwa pamoja, ambacho huduma sahihi ya kawaida imeshindwa kukipunguza. Lakini miongozo hiyo hiyo inasema bandeji zenye viua vijidudu, zikiwemo za fedha, zisitumike kwa lengo la kuponyesha kidonda cha kisukari, na asali nayo isitumike. Kwa hiyo mfano wako unathibitisha kwamba kampuni ikitaka kufanya jaribio la kweli inaweza, na tuna haki ya kuwauliza wengine kwa nini hawafanyi.

Hoja yako kuhusu VULCAN ni ya haki. Basi kijitabu cha Sista kingeandika "kwa kidonda chenye maambukizi tu, kwa muda mfupi". Sista, kimeandika hivyo?

Mimi ni muuguzi wa jamii huku kaskazini mwa Uingereza, natokea Mombasa, na ninachokiona kila siku ni kwamba fedha ya kampuni haiji kama rushwa. Inakuja kama chakula cha mchana cha mafunzo, kama msemaji aliyelipiwa kwenye kongamano, kama "tamko la pamoja la wataalamu" ambalo uchapishaji wake umegharamiwa na watengenezaji wa bidhaa inayozungumzwa. Hakuna anayedanganya. Lakini mada ya kila kikao huwa ni bandeji, mpaka muuguzi kijana anaamini kwamba swali kuu la kidonda ni kifungwe kwa kitu gani, badala ya kwa sababu gani hakiponi. Ujerumani, taasisi ya IQWiG, inayopima ushahidi wa tiba, ilipochunguza mashine za kunyonya majimaji ya vidonda, ilikuta majaribio yaliyositishwa au kumalizika bila matokeo yake kuchapishwa popote. Ukisoma yaliyochapishwa peke yake, utasifu mashine hiyo kuliko inavyostahili.

daktari_mswahili_minnesota

Naongeza la huku Marekani, kwa kuwa linaonyesha mambo hufika wapi malipo yakitengana na ushahidi.

Zipo bidhaa ziitwazo ngozi mbadala, ambazo nyingi hutengenezwa kwa utando wa kondo la nyuma lililotolewa bure na akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Kwa kuwa kisheria nyingi huhesabiwa kuwa tishu za binadamu zilizobadilishwa kidogo tu, huingia sokoni bila mtengenezaji kutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba zinaponya. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, ilikuwa ikilipia kliniki kwa kila sentimita ya mraba kulingana na bei iliyotangazwa na kampuni, na kuongeza asilimia juu yake. Kampuni ikapandisha bei, ikampa daktari punguzo kubwa pembeni, na daktari akalipwa na Medicare kwa bei ile ya juu; tofauti ikawa yake. Zikaja bidhaa za zaidi ya dola 1,000 kwa sentimita moja ya mraba. Matumizi ya Medicare kwa bidhaa hizo, ambayo mwaka 2019 yalikuwa karibu dola milioni 250, yalivuka dola bilioni 10 mwaka 2024.

Vidonda vya wazee wa Marekani havikuongezeka mara 40 katika miaka mitano. Huko Arizona, wanandoa waliokuwa wakiendesha kampuni za vidonda walikiri makosa baada ya bima kudaiwa zaidi ya dola bilioni moja, na miongoni mwa waliobandikwa utando huo walikuwa wazee waliokuwa katika siku zao za mwisho, wakiuguzwa kwa faraja tu. Mpango wa Medicare wa kulipia zile bidhaa chache tu zenye majaribio ya maana uliahirishwa mwaka 2025 baada ya watengenezaji kuupinga kwa nguvu. Kilichofuata ni bei moja kwa zote, karibu dola 127 kwa sentimita ya mraba kuanzia mwaka 2026. Hiyo imepunguza faida, lakini bado yenye ushahidi na isiyo nao hulipwa sawa.

Sisemi kwamba Tanga ni Arizona. Ila kamati yenu ikipitisha bidhaa, wekeni kwenye maandishi ni kwa mgonjwa wa aina gani, kwa wiki ngapi, na nani atakagua.

daktari_wa_mwanza

Nimesoma yote, na naona tumezungumzia zaidi kinachouzwa. Niruhusuni nizungumzie kisichouzwa, maana Sista amesema wagonjwa wake wengi wana kisukari.

Kidonda cha chini ya wayo cha mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia hakiponi kwa sababu anakikanyaga. Hasikii maumivu, kwa hiyo anatembea juu yake toka kituo cha daladala hadi kwako, unamfunga bandeji nzuri ya fedha, naye anaikanyaga hiyo bandeji kurudi nyumbani. Tiba ni kuuondolea mguu uzito, na njia iliyothibitishwa kuliko zote ni kifaa cha kufika magotini ambacho mgonjwa hawezi kukivua, ikiwemo plasta ya P.O.P. (plasta ngumu kama ya mifupa iliyovunjika) inayofungwa ikigusana na wayo na mguu wote hadi chini ya goti. Plasta hii ilienezwa na madaktari wa ukoma, akiwemo Paul Brand aliyefanya kazi India. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2001 likiwa na wagonjwa 63, waliofungwa plasta hiyo walipona asilimia 89.5 katika wiki 12, waliopewa buti la kuvulika asilimia 65, na waliopewa kiatu nusu asilimia 58.3. Baadaye watafiti waliweka vihesabu hatua kwa siri ndani ya mabuti ya kuvulika, wakakuta kwamba wagonjwa waliyavaa kwa asilimia 28 tu ya hatua zao zote za siku. Linganisheni tofauti hiyo ya 89.5 dhidi ya 65 na ile ya VULCAN.

Na bado, uchunguzi wa vituo zaidi ya 800 vya Marekani uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba vituo vinavyotumia plasta hiyo kwa wagonjwa wengi wa aina hii havikufika asilimia 2. Inachosha, inahitaji mkono uliozoea, isipofungwa vizuri inaweza kuzua kidonda kingine, na unga wa plasta hauna mwakilishi wa kuja kutuletea kalenda. Sisi Tanzania hatukosi wa kutufundisha: programu ya Step by Step ya mguu wa kisukari ilianzia hapa na India mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wapo waliofunzwa. Hospitali yako bila shaka ina chumba cha plasta kwa ajili ya mifupa. Zungumza na fundi wa humo kabla hujazungumza na kampuni. Angalizo ni kwamba usiifunge kwa mguu wenye maambukizi makali au usiopata damu ya kutosha.

Kuhusu mgonjwa anayeomba bandeji ya fedha, mimi humwambia bei na humwambia ushahidi, nikamuuliza kama pesa hiyo asingependa iwe dawa za sukari na viatu. Akisisitiza, ni haki yake kununua. Kuiweka kwenye maoteo ya hospitali ni jambo jingine, kwa sababu hapo analipa na yule ambaye hakuulizwa.

sista_chumba_cha_vidonda (Tanga)

Ahsanteni sana. Mwana wa Kisauni, kijitabu hakitaji maambukizi mahali popote. Kimeandika "kwa vidonda vyote sugu". Kaka wa Arusha, nimeizingatia hoja yako: nitapendekeza kiasi kidogo kwa ajili ya walioungua moto na wenye kidonda chenye maambukizi ya wazi, kwa wiki mbili kisha daktari aangalie upya, na semina iombwe kwa barua kupitia uongozi ili kampuni isichague nani aende. Kila mgonjwa tutamchorea kidonda kwenye karatasi ya plastiki siku ya kwanza na kila baada ya wiki mbili, tuhesabu ambao vidonda vyao vimefunga kabisa.

Limebaki swali moja. Hatuna kifaa cha Dopla, kile cha kupima mtiririko wa damu mguuni kwa mawimbi ya sauti. Je, tunaweza kuwafunga bandeji za kubana wale wenye miguu iliyovimba na vidonda vya vena bila kipimo hicho? Na wa sikoseli je?

daktari_wa_mwanza

Sista, papasa mapigo sehemu mbili: juu ya wayo, na nyuma ya kifundo cha ndani. Usipoyasikia, au mguu ukiwa wa baridi na unauma zaidi akiulaza, usibane, mpe rufaa. Ukiyasikia vizuri na mgonjwa hana kisukari, anza na kubana kidogo, mwangalie vidole baada ya nusu saa, na mwambie aifungue mwenyewe ikianza kuuma. Kwa mwenye kisukari usiamini hata Dopla peke yake, kwa sababu mishipa iliyokakamaa hutoa namba nzuri kuliko hali halisi. Wa sikoseli usiwabane kwa kufuata majaribio ya vena niliyoyasoma hapa juu, kwani hayakuwahusu. Wasiliana kwanza na kliniki yao ya damu, na hakikisha maumivu yao yanatibiwa, maana vidonda vile vinauma kuliko tunavyowapa dawa.

mfamasia_thika

Na Dopla ndogo ya mkononi iandike kwenye maoteo hayo hayo, Sista. Peleka kwenye kamati bei yake ikiwa kando ya bei ya bandeji za fedha za mwaka mzima, wajumbe wazione zote mbili kwenye ukurasa mmoja.